Hadhi ya Mkusanyaji wa Silaha Maryland: Inaondoa Sharti Gani na Inaacha Yapi

Sheria ya jimbo la Maryland, Marekani, inamkataza mtu wa kawaida kununua zaidi ya silaha moja inayodhibitiwa (kivitendo, bastola) ndani ya siku 30. Imekuwa hivyo tangu Oktoba 1996. Sheria hiyohiyo inamtambua mtu anayenunua silaha kwa ajili ya mkusanyo wake binafsi. Akiomba kwa Polisi wa Jimbo na kukubaliwa kuwa mkusanyaji, kile kikomo cha siku 30 hakimbani tena.

Kwa maneno machache ndivyo ilivyo, na laiti mambo yangeishia hapo. Tatizo ni kwamba neno "mkusanyaji" linatumika katika sheria za jimbo na tena katika sheria za serikali kuu ya Marekani, kwa maana zisizofanana. Juu yake kuna suala la umri wa silaha yenyewe, ambalo nalo lina sheria zake. Mtu anachanganya haya matatu, anaamini amepewa ruhusa ambayo hakupewa, na kosa la kuchanganya karatasi linageuka kuwa kesi ya jinai. Maryland ina Wakenya na Watanzania wengi, kuanzia Baltimore hadi vitongoji vinavyopakana na Washington, na wapo wanaowinda, wanaolenga shabaha, na wanaopenda historia ya vita. Wanastahili kuelezwa jambo hili kwa lugha yao.

Niliseme mapema lile la msingi: hadhi ya mkusanyaji inaondoa sharti moja tu. Masharti mengine yote yanabaki pale pale.

Kwa nini kuna kikomo

South Carolina ndiyo iliyotangulia, mwaka 1975. Virginia ikafuata mwaka 1993, wakati wa Gavana Douglas Wilder, baada ya kuonekana kwamba bastola nyingi zilizokamatwa katika uhalifu New York zilikuwa zimenunuliwa madukani Virginia. Njia ilikuwa barabara kuu ya I-95 inayopanda kaskazini kandokando ya pwani ya mashariki. Mtu mwenye rekodi safi alinunua bastola nyingi kwa mpigo, akazipakia kwenye gari, akaziuza mitaani kwenye miji ambayo sheria zake ni kali. Maryland iko katikati ya njia hiyo, na mwaka 1996, chini ya Gavana Parris Glendening, ikaweka kikomo chake.

Majimbo mengine yameyumba. South Carolina ilifuta sheria yake mwaka 2004. Virginia iliifuta mwaka 2012, ikairudisha mwaka 2020. New Jersey iliingia kwenye orodha mwaka 2010. California ilikuwa na kikomo kwa miaka mingi, hadi Juni 2025 jopo la majaji wa mahakama ya rufaa ya shirikisho, Mzunguko wa Tisa, lilipoamua kwamba kinakiuka Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yanayolinda haki ya kumiliki silaha. Uamuzi huo ni wa mzunguko mwingine wa mahakama, na mkazi wa Maryland asiusome kana kwamba unamhusu.

Sasa fikiria tatizo lililowakabili watunga sheria. Mtu anayenunua bastola sita kwa wiki moja anaweza kuwa mlanguzi. Anaweza pia kuwa mzee mstaafu aliyetumia nusu ya maisha yake kutafuta bastola zote za maofisa wa Vita Kuu ya Kwanza, na leo amezikuta sita katika mali ya marehemu mmoja. Risiti za wawili hawa zinafanana. Sheria haiwezi kusoma nia ya mtu, kwa hiyo inamwambia huyu wa pili: jitokeze, jieleze kwa maandishi, weka sahihi chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, kisha tutakupisha. Mimi naona huo ni utaratibu wa haki. Haumnyimi mkusanyaji kitu chake, na unamlazimu mlanguzi kuacha uongo wake umeandikwa mahali.

Silaha zipi hasa

"Silaha inayodhibitiwa" katika sheria ya Maryland ni bastola ya aina yoyote, pamoja na orodha ya silaha za kivita zilizotajwa kwa majina. Hizo za orodha, tangu Oktoba 1, 2013, haziuzwi tena kwa raia wa kawaida isipokuwa katika hali chache. Kwa hiyo mtu anapozungumzia kikomo cha siku 30, kivitendo anazungumzia bastola.

Bunduki ya kawaida ya kuwindia haimo. Shotigani haimo. Ukinunua shotigani tatu kwa wiki moja huhitaji hadhi ya mkusanyaji. Unahitaji tu kupita kwenye uchunguzi wa rekodi dukani. Nimesikia watu wakiomba hadhi hii kwa sababu wanakusanya bunduki za mtutu mrefu peke yake. Wanajisumbua.

Kuomba

Ombi linapelekwa kwa Polisi wa Jimbo la Maryland, kwenye kitengo chao cha leseni kilichoko Pikesville, nje kidogo ya Baltimore. Siku hizi shughuli nyingi za kitengo hicho zinafanyika kupitia mfumo wao wa mtandaoni, na mwenye duka la silaha anaufahamu vizuri kuliko mtu mwingine yeyote utakayemuuliza.

Msingi wa kisheria ni sheria ya usalama wa umma ya jimbo, ibara za 5-128 na 5-129. Ya kwanza inaweka kikomo, ya pili inaeleza jinsi ya kukivuka. Sababu zinazokubalika katika hiyo ya pili ni hizi: ununuzi kwa ajili ya mkusanyo binafsi au kukamilisha seti ya mkusanyaji, ununuzi wa jumla kutoka mali ya marehemu, ununuzi wa silaha mbili kwa sababu muuzaji anatoa punguzo linalopatikana kwa mbili tu, na hapo mnunuzi anakaa siku 30 zinazofuata bila kununua nyingine, na sababu nyingine zinazofanana na hizo. Ombi la kununua nyingi kwa pamoja linataka orodha ya silaha, madhumuni ya kununua zaidi ya moja, shahidi ambaye ni muuzaji mwenye leseni au chombo cha polisi kilichoidhinishwa, na sahihi ya mwombaji chini ya adhabu ya kiapo cha uongo.

Kumtambua mtu kuwa mkusanyaji kunamwepusha na kujieleza upya kila anapokuta bastola mbili anazozitaka. Anachothibitisha ni kwamba ananunua kwa ajili ya mkusanyo wake mwenyewe na si kwa biashara, na kwamba hana kizuizi cha kisheria cha kumiliki silaha. Vizuizi hivyo ni vilevile vya mnunuzi mwingine yeyote: umri wa chini ya miaka 21, hatia ya makosa yaliyoorodheshwa, amri ya mahakama ya kumlinda mwanafamilia dhidi yako, uraibu wa dawa za kulevya, ulevi wa kupindukia, na hali fulani za ugonjwa wa akili.

Kuhusu bangi naomba msomaji atulie kidogo. Maryland imeruhusu watu wazima kuitumia tangu Julai 1, 2023. Lakini fomu 4473 ya serikali kuu, ambayo kila mnunuzi anaijaza dukani, inauliza kuhusu matumizi ya bangi, na imeandika wazi kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi msimamo wa sheria ya shirikisho. Mtu anayenunua bangi kihalali Jumamosi na bastola Jumatatu anaweza kujikuta amedanganya kwenye fomu ya serikali.

Mali ya marehemu mmoja

Maelezo ya jumla hayatoshi, kwa hiyo tuchukue mfano. Tuseme mkazi wa Baltimore amepata nafasi ya kununua silaha nne kutoka mali ya mkusanyaji aliyefariki. Ya kwanza ni bunduki ya Mauser ya mtindo wa 1871, iliyotengenezwa miaka ya 1880. Ya pili ni Lee-Enfield ya mwaka 1943. Ya tatu ni bastola ya Webley Mark VI ya mwaka 1917, ile ya silinda waliyobeba maofisa wa Kiingereza. Ya nne ni Luger P08 ya Kijerumani ya mwaka 1916.

Zote nne zinagusa historia yetu. Askari wengi wa jeshi la Wajerumani waliopigana Tanga mwezi Novemba 1914 walikuwa na Mauser za mfumo wa 1871 zinazotumia baruti nyeusi, na kila walipofyatua moshi mzito ulionyesha walipojificha. Waliokuja kupambana nao walibeba Lee-Enfield za wakati ule. Mjukuu wa askari wa King's African Rifles anayeishi Maryland ana sababu nzuri ya kutaka vitu hivi ukutani, na ndiyo maana nimevichagua.

Mauser ya miaka ya 1880 ni ya kale kisheria. Sheria ya shirikisho inaitoa silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo katika tafsiri ya silaha ya moto, na sheria ya Maryland nayo inaziweka silaha za kabla ya 1899 kwenye kundi lake la silaha za kale, ambazo kikomo cha siku 30 hakizihusu kabisa. Kinachotazamwa ni mwaka wa kutengenezwa, si mwaka wa mtindo. Mauser ya mtindo wa 1898 iliyotoka kiwandani mwaka 1915 si ya kale. Mwaka huo mara nyingi umegongwa juu ya chemba au ubavuni mwa bunduki, na mtu asinunue kabla ya kuusoma kwa macho yake mwenyewe.

Lee-Enfield ya 1943 ni bunduki ya mtutu mrefu, haimo kwenye silaha zinazodhibitiwa. Kikomo cha siku 30 hakiigusi. Hata hivyo, tangu Oktoba 1, 2021, Maryland inataka mauzo ya kawaida ya bunduki za namna hii baina ya watu binafsi yapitie kwa muuzaji mwenye leseni ili uchunguzi wa rekodi ufanyike. Kumpa mjane fedha mkononi na kuondoka na bunduki begani, kama ilivyokuwa zamani, kumekwisha.

Webley na Luger ndizo zinazoleta kazi. Hizi ni bastola, kwa hiyo zinadhibitiwa, na ni mbili, kwa hiyo kikomo kinauma. Mnunuzi wetu ama ana hadhi ya mkusanyaji tayari, ama anaomba ruhusa ya kununua zote mbili kwa sababu zinatoka kwenye mali ya marehemu. Akikosa yote mawili, anachukua moja leo na kusubiri siku 30 kwa ya pili, na wasimamizi wa mali ya marehemu huwa hawasubiri.

Akiwa na hadhi yake mkononi, bado bastola zote mbili zinapita kwenye ombi la fomu 77R, fomu ya jimbo ya kununua silaha inayodhibitiwa, ambalo ada yake kwa mujibu wa sheria ni dola 10. Bado anasubiri siku 7 kamili tangu ombi lipelekwe. Bado rekodi yake inachunguzwa. Na kwa sababu ananunua kutoka kwa mtu binafsi, uhamisho unafanyika kwa muuzaji mwenye leseni au kituo cha polisi kilichoidhinishwa. Hadhi imempunguzia siku 30 za kusubiri bastola ya pili. Haikumpunguzia hata saa moja ya zile siku 7.

Akizichukua bastola hizo mbili kwa muuzaji mwenye leseni ndani ya siku tano za kazi zinazofuatana, muuzaji huyo anatakiwa na sheria ya shirikisho kutuma taarifa ya mauzo ya bastola zaidi ya moja kwa mtu mmoja. Hadhi ya jimbo haiizuii taarifa hiyo. Haina maana kwamba umeshukiwa. Ni kawaida ya kazi yao, na mkusanyaji wa kweli hana sababu ya kuiogopa.

Leseni ya serikali kuu ni kitu kingine

Mkanganyiko mkubwa kuliko yote uko hapa. Shirika la ATF la serikali kuu, linalosimamia sheria za shirikisho za silaha, linatoa leseni ya mkusanyaji, inayojulikana kwa namba yake, leseni ya aina ya 03. Ada ni dola 30 kwa miaka mitatu. Inamruhusu mwenye nayo kununua silaha za kumbukumbu kutoka majimbo mengine na kuzipokea moja kwa moja, bila kupitia duka, kwa kadiri sheria za jimbo lake zinavyoruhusu.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayosahaulika. Leseni ya 03 haifuti sheria ya Maryland kuhusu bastola. Vilevile hadhi ya mkusanyaji ya Maryland haikupi haki hata moja ya leseni ya 03. Mtu anaweza kuwa na moja bila nyingine, na wakusanyaji wengi makini wanakuwa nazo zote mbili kwa sababu zinafanya kazi tofauti. Ya jimbo inahusu idadi na muda wa ununuzi. Ya shirikisho inahusu kuvusha silaha za kumbukumbu mipaka ya majimbo.

Silaha ya kumbukumbu kwa tafsiri ya shirikisho ni ile iliyotengenezwa angalau miaka 50 iliyopita na si nakala; au iliyothibitishwa na mhifadhi wa makumbusho ya umma kuwa na thamani ya kimakumbusho; au ambayo sehemu kubwa ya thamani yake inatokana na uadimu wake, ugeni wake, au uhusiano wake na mtu au tukio la kihistoria. Inapaswa pia kuwa katika umbo lake la asili. Bunduki ya kijeshi iliyokatwa mtutu na kuchongwa kitako kipya kwa ajili ya kuwindia inaweza kupoteza sifa hiyo hata kama ina miaka 80.

Kigezo cha miaka 50 kinasogea kila mwaka. Bastola iliyotengenezwa mwaka 1974 haikuwa ya kumbukumbu kwa kigezo hicho mwaka 2023. Mwaka 2024 ikaingia. Zamani kundi hili lilimaanisha silaha za vita vya babu zetu. Leo limefikia bastola ambazo polisi wa Marekani walibeba wakati wa Rais Nixon, na mkusanyaji anayefuatilia anajua mwaka upi utaleta kipi.

Mwenye leseni ya 03 ana wajibu ambao mwenye hadhi ya jimbo hana. Anatunza daftari la kuingia na kutoka kwa kila silaha ya kumbukumbu: tarehe, aliyeuziwa au aliyemuuzia yeye, mtengenezaji, aina, kipenyo cha risasi, namba ya silaha. ATF wanaweza kulikagua daftari hilo. Binafsi namshauri hata yule asiye na leseni ya shirikisho atunze daftari la namna hii. Siku nyumba ikivunjwa, au siku mjane wake atakapoulizwa kila bastola ilitoka wapi, daftari hilo litakuwa na thamani kuliko nusu ya mkusanyo.

Kibali cha kununua bastola

Tangu Oktoba 1, 2013, anayenunua bastola Maryland anahitaji kwanza leseni ya sifa ya bastola, maarufu kwa herufi HQL. Inataka umri wa miaka 21, alama za vidole, na mafunzo ya angalau saa nne yenye kufyatua risasi halisi. Ilipingwa mahakamani kwa miaka mingi. Novemba 2023 jopo la mahakama ya rufaa ya Mzunguko wa Nne, ambao ndio wa Maryland, lilisema inakiuka Katiba, Agosti 2024 mahakama hiyo ikiwa na majaji wake wote ikageuza uamuzi huo, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi. Kwa hiyo ipo na inafanya kazi.

Hapa tafsiri ya shirikisho inamsaidia mkusanyaji wa Maryland kwa njia ambayo wengi hawaijui. Sheria ya HQL haimhusu mtu anayepokea silaha ya kale au ya kumbukumbu kama zilivyoelezwa na sheria ya shirikisho. Mnunuzi wetu wa Baltimore hahitaji HQL kwa Webley ya 1917 wala Luger ya 1916. Akitaka kuongeza bastola mpya ya mwaka 2019 kwenye ununuzi uleule, anaihitaji. Na hiyo mpya lazima pia iwe kwenye orodha ya bastola zilizoidhinishwa na bodi ya jimbo, maana kila bastola iliyotengenezwa baada ya Januari 1, 1985 inaangaliwa kwenye orodha hiyo. Angalia vizuri: msamaha wa HQL unatokana na silaha. Hautokani na hadhi ya mtu. Kuwa mkusanyaji aliyekubaliwa hakukuondolei HQL kwa bastola ya kisasa.

Kwa aliyezaliwa nje ya Marekani

Mwenye grini kadi anaruhusiwa kumiliki silaha na anaweza kuomba hadhi ya mkusanyaji kama raia. Aliyeko kwa viza ya muda, mwanafunzi au mfanyakazi, kwa kawaida amekatazwa na sheria ya shirikisho. Kuna misamaha michache, mmoja wao ukiwa wa mwenye leseni halali ya uwindaji, na ni jambo la kulipeleka kwa mwanasheria kabla ya kugusa silaha yoyote. Asiye na hadhi halali ya uhamiaji amekatazwa kabisa, hata kushika ya rafiki kwenye uwanja wa shabaha.

Fomu inauliza uraia. Jibu kwa ukweli. Kujidai raia wa Marekani wakati hujawa raia kunaweza kukufukuzisha nchini, na hakuna bastola duniani yenye thamani ya kutenganishwa na watoto wako.

Aliyehamia Maryland kutoka jimbo lingine akiwa na bastola zake anazisajili kwa Polisi wa Jimbo ndani ya siku 90 tangu awe mkazi. Mtu aliyekusanya akiwa Texas kwa miaka kumi, kisha akapata kazi Johns Hopkins, asisubiri mpaka aombe hadhi ya mkusanyaji ndipo akumbuke usajili.

Ukishakuwa na mkusanyo

Bastola haibebwi ovyo Maryland bila kibali cha kubeba, na hadhi ya mkusanyaji si kibali hicho. Lakini sheria ya jinai ya jimbo, ibara ya 4-203, inamtaja mkusanyaji wa kweli kwa jina: anaruhusiwa kuhamisha mkusanyo wake au sehemu yake kutoka mahali hadi mahali kwa maonyesho ya umma au ya faragha, ilimradi kila bastola haina risasi na iko ndani ya kasha au ala iliyofungwa. Kusimama njiani na kumwonyesha jamaa bastola kwenye kiti cha mbele si maonyesho.

Nyumbani, sheria iliyokazwa kuanzia Oktoba 1, 2023 inafanya kuwa kosa kuacha silaha yenye risasi mahali ambapo ulijua, au ulipaswa kujua, kwamba mtoto wa chini ya miaka 18 asiyesimamiwa anaweza kuifikia. Sheria hiyo imepewa jina la Jaelynn Willey, msichana wa miaka 16 aliyepigwa risasi na kuuawa na mwanafunzi mwenzake kwenye shule ya sekondari ya Great Mills mwaka 2018, kwa bastola iliyokuwa mali ya baba wa kijana huyo. Nyumba zetu zina wajomba, mabinamu na watoto wa majirani wanaoingia na kutoka siku nzima. Sefu ya chuma inunuliwe kabla ya bastola ya kwanza.

Silaha inayodhibitiwa ikiibiwa au ikipotea, unaripoti polisi ndani ya saa 72 tangu ugundue.

Halafu kuna kuwanunulia watu wengine, na hapa ndipo hadhi inapoweza kumponza mwenye nayo. Jamaa wakijua una uwezo wa kununua bila kusubiri siku 30, watakuja. "Kaka, nichukulie na mimi moja, fedha hii hapa." Huo ni ununuzi wa niaba, na ni jinai hata kama huyo jamaa ana rekodi safi kabisa. Mahakama Kuu ya Marekani ililimaliza suala hilo mwaka 2014 katika kesi ya Bruce Abramski, aliyekuwa polisi huko Virginia, aliyenunua bastola kwa fedha alizopewa na mjomba wake. Mjomba alikuwa na haki ya kumiliki silaha. Hilo halikumsaidia Abramski, kwa kuwa kwenye fomu alijitaja yeye kuwa mnunuzi halisi. Tangu mwaka 2022, sheria mpya ya shirikisho imefanya kumnunulia kwa makusudi mtu aliyekatazwa kumiliki silaha, au anayekusudia kuitumia katika uhalifu mkubwa, kuwa kosa linaloweza kufikia kifungo cha miaka 15. Zawadi ya kweli kwa ndugu wa karibu ni suala jingine, nayo ina taratibu zake: anayepokea lazima awe mtu anayeruhusiwa kumiliki.

Kuuza nako kuna mpaka. Mkusanyaji anaweza kuuza kipande ili anunue kilicho bora, au kupunguza mkusanyo akizeeka. Sheria ya 2022 inamhesabu kuwa mfanyabiashara yule anayenunua na kuuza silaha kwa kurudiarudia kwa lengo kubwa la kupata faida, hata kama siyo anachoishi nacho, na mfanyabiashara anahitaji leseni ya muuzaji. Bastola tano zilizoingia Januari na kutoka Machi, kila moja na faida yake, hazifanani na mkusanyo kwa macho ya mpelelezi yeyote. Kila uhamisho wa bastola, hata kwa mkusanyaji mwenzako mwenye hadhi kama yako, unapita tena kwenye 77R na siku 7. Ukiwa na wasiwasi kama mauzo yako yamevuka mpaka, peleka daftari lako kwa mwanasheria wa mambo ya silaha wa Maryland kabla ya kuuza kipande kinachofuata.